Seli mfu za ngozi si uchafu wa kusuguliwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tujibu mambo mawili yanayorudiwa mno kwenye kurasa za urembo, redioni na katika matangazo ya saluni. La kwanza ni kwamba ngozi isiyong'aa imejaa "seli zilizokufa" ambazo sharti zisuguliwe zitoke, ikiwezekana kila siku. La pili ni kwamba ipo losheni "inayofufua" na "kuongeza" seli, na kwamba kadiri seli zinavyozidi ndivyo ngozi inavyozidi kuwa changa. Maneno yote mawili yanaigeuza kazi ya ngozi kichwa chini miguu juu. Seli ya ngozi huishi ili ikomae, na hukomaa ili ife mahali pake na kwa wakati wake. Ule utando mkavu wa juu unaoitwa uchafu ndio matunda ya kazi yote hiyo. Mtu akiupoteza kwenye sehemu kubwa ya mwili, kama anavyoupoteza aliyeungua moto, hupoteza maji na joto, na vijidudu hupata njia.

Sehemu ya juu ya ngozi haina mishipa ya damu. Takriban seli 9 kati ya 10 zilizomo ni za aina iitwayo keratinosaiti, nazo zimepangika kwa matabaka. Tabaka la chini kabisa ni safu moja ya seli zilizokaa juu ya utando wa msingi, na hizo ndizo zinazogawanyika. Seli inayouacha utando huo hupanda juu, na njiani hubadilika: huacha kugawanyika, hubadilisha keratini 5 na 14 za tabaka la chini kwa keratini 1 na 10, kisha hutengeneza involukrini, lorikrini na filagrini. Kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi 1 huzifunga protini hizo pamoja chini ya utando wa seli hadi zikawa ganda gumu. Mwisho seli huvunja kiini chake yenyewe, hunywea na kubaki bapa. Mabapa hayo hulaliana kama makuti ya paa, matabaka 15 hadi 20, na katikati yake hujaa seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mkononi unene wote wa mabapa hayo ni maikromita 10 hadi 20 tu. Kwenye nyayo ni mara nyingi zaidi. Safari kutoka chini hadi kuwa bapa huchukua wiki 2 hivi, na bapa hukaa juu kama wiki 2 nyingine kabla ya kubanduka lenyewe.

Matangazo hayaelezi seli hujuaje kwamba muda wa kugawanyika umekwisha na muda wa kukomaa umefika. Hujua kwa ishara, yaani taarifa za kikemia zinazonaswa na vipokezi vilivyo kwenye utando wa seli na kupokezanwa ndani hadi kwenye jeni. Ishara hizo ni nyingi. Tatu zinatosha kueleza karibu kila kinachoharibika ngozi inapotendewa vibaya: mshiko, kichochezi cha ukuaji, na kalsiamu.

Tuanze na mshiko. Seli ya tabaka la chini imeng'ang'ania utando wa msingi kwa protini ziitwazo integrini, hasa integrini alfa-6 beta-4, ambayo hushika laminini 332 iliyo chini yake. Muda wote integrini inaposhika, seli hupokea taarifa kwamba ipo mahali pake na inaruhusiwa kugawanyika. Jaribio la kulithibitisha hili ni jepesi. Keratinosaiti zikitolewa kwenye sahani ya maabara na kuning'inizwa ndani ya mmumunyo mzito wa methiliselulosi, asilimia 1.5 hivi, zinakosa pa kushika. Ndani ya saa 24 nyingi zimeacha kugawanyika na zimeanza kutengeneza involukrini. Mwaka 1989 Adams na Watt walionyesha kwamba fibronektini, protini ambayo integrini huishika, ikitiwa humo, huzizuia seli nyingi zisiingie katika njia hiyo ya kukomaa ingawa bado zinaelea. Kipokezi kikishikwa tu, hata bila sakafu ya kukalia, seli huahirisha kukomaa.

Seli nyingi za utando wa viungo vingine zikinyimwa mshiko hujiua, kifo ambacho wataalamu hukiita anoikisi. Keratinosaiti ina njia nyingine: badala ya kufa ovyo hukomaa, ikapanda na kuwa sehemu ya ukuta. Lakini ikinyimwa mshiko na pia kichochezi cha ukuaji, nayo hufa bila kuwa bapa la maana.

Kichochezi chenyewe kinaitwa EGF. Stanley Cohen alikitenga kutoka kwenye tezi za mate za panya, akatoa taarifa mwaka 1962, baada ya kuona vitoto vya panya vilivyodungwa majimaji ya tezi hizo vikifungua macho siku ya 7 hivi badala ya siku ya 13 au 14. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. EGF ya binadamu ni mnyororo mfupi wa asidi amino 53. Inapotua kwenye kipokezi chake, vipokezi viwili hushikana na kutiana fosfeti, na kutoka hapo taarifa huenda kwa njia mbili kubwa. Njia ya MEK na ERK husukuma mgawanyiko, na pia hudumisha protini iitwayo Bcl-xL, ambayo kazi yake ni kuzizuia mitokondria zisifungulie seli mlango wa kifo. Njia ya PI3K na AKT huongeza ulinzi huohuo. Ngozi haisubiri EGF kutoka mbali. Keratinosaiti hujitengenezea vichochezi ndugu vya EGF, kama TGF-alfa na amfiregulini, na kupeana zenyewe kwa zenyewe.

Ushahidi wa jambo hili upo wodini. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kuziba kipokezi cha EGF, kwa mfano setuksimabu au gefitinibu, wengi wao hutokwa na vipele usoni na kifuani katika wiki 2 za mwanzo, kisha ngozi hukauka na pembe za kucha huvimba. Seli za tabaka la chini zimenyimwa taarifa ya kuishi. Zinaacha kugawanyika mapema, nyingine zinakomaa kabla ya wakati. Vipele hivyo hufanana na chunusi lakini si chunusi, na dawa za chunusi za kukausha ngozi huvizidisha. Mgonjwa asiache tiba ya saratani kwa sababu yake. Amwambie daktari wake mapema, kwa kuwa kuna viuavijasumu vya kunywa, kama doksisaiklini, vinavyotumika kuvipunguza, pamoja na mafuta mazito ya kulainisha na kujikinga na jua.

Sasa kalsiamu. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo seli inapoweza kuonwa ikifanya uamuzi mbele ya macho ya mtu mwenye darubini.

Katika ngozi nzima kalsiamu ni kidogo karibu na tabaka la chini, huongezeka kadiri unavyopanda, na hufikia kilele katika tabaka la chembechembe, lile lililo chini kidogo ya mabapa. Mwaka 1980 Hennings, Yuspa na wenzao walionyesha kwa seli za panya kwamba kwenye lishe, yaani majimaji ya kulelea seli maabara, yenye kalsiamu chini ya milimola 0.1 kwa lita, seli huendelea kugawanyika zikiwa safu moja, na kalsiamu ikipandishwa hadi zaidi ya milimola 1 hukomaa. Seli za binadamu hufuata kanuni hiyohiyo. Ukizilea kwenye milimola 0.06 hadi 0.09 hutawanyika sahanini zikiwa na nafasi kati yake. Ukipandisha hadi 1.2, kalsiamu ya ndani ya seli hupanda katika dakika chache. Ndani ya saa kadhaa seli husogeleana na kufungamana kwa kadherini na desmosomu, yaani protini na vifungo vya kuunganisha seli na seli, mipaka kati yake ikawa hafifu kuonekana. Na baada ya saa 24 hadi 48 keratini 1 na 10 na involukrini huwa zimepanda. Anayebeba taarifa hiyo ni kipokezi cha kalsiamu kilicho juu ya seli pamoja na vimeng'enya vya ndani, hasa fosfolipasi C na kinasi C. Kadherini nayo, ikishashikana na ya jirani, huiita PI3K ije kwenye utando, ili seli inayokomaa isife kabla haijamaliza kazi. Njia ileile iliyokuwa ikiilinda seli inayogawanyika huilinda pia inayokomaa.

Kwa walimu na wanafunzi wanaotaka kuliona hili katika maabara iliyo na kibali cha maadili na ridhaa ya mtoa ngozi, mambo yanayoamua mafanikio ni haya. Kipande cha ngozi, mara nyingi kile kinachobaki kwenye tohara au upasuaji, huoshwa na mafuta yote ya chini hukatwa. Hulazwa usiku kucha kwenye dispasi, kimeng'enya cha kuachanisha ngozi ya juu na ya ndani, kwa nyuzi 4, kisha ngozi ya juu hubanduliwa kwa koleo ndogo, nayo hutoka kama karatasi nyepesi ikiacha ngozi ya ndani chini. Ikigoma kubanduka ujue mafuta hayakuondolewa vizuri au kipande ni kikubwa mno. Kata vipande vya nusu sentimita. Karatasi hiyo hutiwa kwenye tripsini, kimeng'enya cha kutenganisha seli, asilimia 0.05 yenye EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, nyuzi 37, kwa dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi huharibu. Tripsini hukata protini bila kuchagua; ukipitisha dakika 15 hukata hata vipokezi vya juu ya seli, na seli isiyo na integrini nzima haishiki sahani. Itaelea, na seli inayoelea huanza kukomaa ndani ya saa chache. Kesho yake utaona seli kubwa bapa zisizogawanyika na utalaumu lishe, kumbe kosa lilitendeka kwenye tripsini.

Kosa la pili ni seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Mazoea ya kusimamisha tripsini kwa seramu ni sawa kwa seli nyingine, lakini seramu ina kalsiamu ya kutosha kuivusha keratinosaiti ule mpaka wa milimola 0.1. Kwa lishe ya kalsiamu ndogo tumia kizuizi cha tripsini cha soya, au zungusha seli kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 200, dakika 5, kisha mwaga majimaji yote ya juu. Panda seli 20,000 hadi 40,000 kwa kila sentimita ya mraba kwenye sahani iliyopakwa kolajeni, katika inkubeta ya nyuzi 37 na asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi. Lishe zisizo na seramu huhitaji EGF kidogo sana, nanogramu 0.1 hadi 0.2 kwa mililita, na lishe ya zamani yenye seramu na seli walezi, yaani seli zisizogawanyika zinazowekwa kuzisaidia keratinosaiti, hutiwa nanogramu 10. Badilisha lishe kila baada ya siku 2.

La tatu ni tamaa ya kusubiri sahani ijae. Zihamishe seli zinapofunika asilimia 60 hadi 70. Zikigusana sana, mguso wenyewe ni ishara ya kukomaa, hata kalsiamu ikiwa ndogo, na seli zilizoshaanza safari hiyo hazirudi kuwa changa kwa kuhamishwa. Ukiona seli zenye umbo la mchirizi mrefu zikienea katikati ya zile zenye umbo la mawe ya kutandika barabara, hizo ni fibroblasti, seli za ngozi ya ndani. EDTA peke yake kwa dakika chache huziondoa kwanza, kwa kuwa zimeshika kwa ulegevu zaidi. Na pima mikoplasma, bakteria wadogo mno, mara kwa mara. Seli zenye mikoplasma hugawanyika polepole na hutoa majibu ya uongo bila lishe kuchafuka machoni.

Kwa jaribio lenyewe la kalsiamu, hesabu ni nyepesi. Una lishe mililita 10 yenye milimola 0.07 na unataka 1.2: ongeza mikrolita 11.3 za kloridi ya kalsiamu ya mola 1 kwa lita. Changanya kwenye chupa kwanza, ndipo umimine sahanini. Tone zito likiangushwa moja kwa moja juu ya seli huziua zilizo chini yake, na kalsiamu nyingi ikikutana ghafla na fosfeti ya lishe huganda kuwa unga mweupe. Acha sahani moja bila kuongezwa kitu ili uwe na cha kulinganisha nacho. Kama unataka ukuta kamili wenye mabapa, panda seli juu ya kichujio, zikishajaa ondoa lishe ya juu ili ziguse hewa huku zikinywea chini, tia vitamini C, na usubiri siku 10 hadi 14.

Zipo taarifa nyingine tusizoweza kuzimaliza hapa. Protini p63 huyapa matabaka uwezo wa kuwepo. Panya waliozaliwa bila jeni yake, taarifa zao zikatoka mwaka 1999, hawakuwa na ngozi ya matabaka kabisa na hawakuishi. Notchi, kipokezi kinachoguswa na seli jirani, huisukuma seli itoke chini na kuanza kukomaa. Panya walioondolewa Notchi 1 ngozini walipata uvimbe wa saratani.

Elimu hii imeokoa watu. Mwaka 1975 Rheinwald na Green, huko Marekani, walitoa njia ya kuotesha keratinosaiti za binadamu juu ya seli walezi za panya zilizopigwa mionzi zisigawanyike. Mwaka 1977 walionyesha kwamba EGF hurefusha maisha ya seli hizo, na kufikia 1979 maabara ya Green ilikuwa inabandua karatasi nzima za ngozi kutoka sahanini kwa dispasi. Mwaka 1984 madaktari wa Boston waliripoti watoto wawili walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili na kuokolewa kwa karatasi za aina hiyo. Mwaka 2015 mtoto wa miaka 7 mwenye ugonjwa wa ngozi kutoka malengelenge alilazwa Bochum, Ujerumani. Jeni yake ya LAMB3 ilikuwa na kasoro, hivyo laminini 332 haikutengenezwa sawasawa, na ngozi ikawa inaachia pale pale kwenye mshiko. Timu ya Michele De Luca na Graziella Pellegrini wa Modena, Italia, ilichukua kipande cha sentimita 4 za mraba, ikazitia seli jeni nzima, ikaotesha, na madaktari wakafunika takriban asilimia 80 ya mwili wake. Taarifa ilichapishwa mwaka 2017. Seli zile hazikufufuliwa kwa losheni yoyote. Zilirudishiwa mshiko, zikagawanyika kwa kiasi, zikakomaa, zikafa vizuri juu.

Turudi bafuni. Bapa la juu hubanduka kwa sababu vimeng'enya viwili, kalikreini 5 na 7, hukata pini zinazoliunganisha na la chini yake. Vimeng'enya hivyo hupungua kasi kwenye uasidi wa kawaida wa ngozi, pH 4.5 hadi 5.5. Sabuni ya mche au ya kipande yenye pH 9 hadi 10 huondoa uasidi huo kwa saa kadhaa, vimeng'enya vikakata mapema na kwa kina kuliko inavyotakiwa. Ukiongeza juu yake dodoki gumu, wavu wa nailoni, chumvi au sukari ya skrabu kila siku, unabandua matabaka ambayo hayajamaliza zamu yake. Mpangilio wa kalsiamu tuliouelezea huvurugika mara moja. Seli za tabaka la chembechembe humwaga akiba yao ya mafuta ili kuziba pengo, na hilo ni jema. Lakini mabapa yaliyochanwa huachia pia interlukini 1, ishara ya hatari, na tabaka la chini hupewa amri ya kugawanyika haraka. Kwa kijana mwenye afya ukuta hurudi kwa siku 3 hivi. Anayesugua kila siku haupi nafasi hiyo, na ngozi yake hujibu kwa kuwa nene na kwa kumwaga rangi.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee. Mwasho wowote unaodumu huacha weusi. Weusi wa mabegani, mgongoni juu ya uti, na kwenye viwiko vya watu wengi hutokana na msuguano wa nailoni na dodoki, na mwenye nao, akidhani ni uchafu, huzidi kusugua, na weusi huzidi. Dawa yake ya kwanza ni kuacha. Oga kwa maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, sabuni ipite kwapani, kinenani na miguuni, sehemu nyingine maji na kiganja vinatosha siku nyingi. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika 3, paka mafuta ya mgando au losheni nzito. Kwa magaga, krimu yenye urea asilimia 20 hadi 25 usiku hulainisha bila kuchana. Wembe na jiwe kali huacha nyufa zinazoingiza maambukizi, na mwenye kisukari asivitumie kabisa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi asisuguliwe hata kidogo. Wengi wa watoto hawa ukuta wao ni dhaifu tangu mwanzo, na tangu mwaka 2006 inajulikana kwamba baadhi yao hurithi jeni ya filagrini yenye kasoro.

Kuhusu "kuongeza seli", mwenye kutaka kuona seli zikiongezeka bila kukomaa aitazame soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Seli hupanda juu kwa siku 3 hadi 5 badala ya wiki kadhaa, hufika zikiwa bado na viini ndani yake, na hubanduka kwa magamba makubwa yanayopasuka na kutoa damu. Seli ziko tele, ukuta haupo. Na zile krimu zinazouzwa kwa jina la EGF zina kikwazo cha hesabu: molekuli zinazopenya ngozi nzima kwa kawaida ni zile zilizo chini ya dalitoni 500, na EGF ni kama 6,000. Juu ya ngozi isiyo na jeraha hukaa juu, ikaoshwa kesho yake. Penye kidonda mambo ni tofauti, na Kuba hutumia EGF ya kudungwa ndani ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, chini ya uangalizi wa daktari.

Mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua, tunautaja kwa uchungu. Mingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, haidrokwinoni, au zebaki, bila kipimo. Steroidi huingia moja kwa moja ndani ya seli, hushika kipokezi chake, huenda kwenye kiini na kuzima jeni za mgawanyiko. Katika ngozi ya ndani huzima utengenezaji wa kolajeni. Ndiyo maana ngozi hulainika kwanza, kisha hupungua unene, mishipa ikaonekana, michirizi ikatokea na vidonda vikachelewa kupona. Msomaji makini atauliza mbona haidrokotisoni imo kwenye lishe ya seli za maabara. Imo, kwa mikrogramu 0.4 kwa mililita. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni mikrogramu 500 katika kila gramu ya krimu, na nguvu yake ngozini ni mara mamia ya haidrokotisoni. Aliyepaka mwili mzima kwa miezi mingi asiache ghafla kwa ushauri wa jirani. Ngozi huweza kuwaka na kuvimba, na steroidi iliyozama kwenye damu huenda imelaza tezi za adrenali. Aende kliniki na kopo lake mkononi ili apunguziwe kwa mpango.

Mkorogo huondoa pia melanini, ambayo katika seli za tabaka la chini hukaa juu ya kiini kama kinga. Miali ya jua ya UVB ikipenya huunganisha herufi za DNA zisizopaswa kuungana. Protini p53 husimamisha seli ijirekebishe, na uharibifu ukiwa mkubwa huiamuru ife. Seli hizo za kujiua huonekana ndani ya saa 24 baada ya kuungua na jua. Ni kifo chenye manufaa. p53 ikiharibika, seli iliyotakiwa kufa huishi, hugawanyika, na hapo saratani huanzia. Watu wenye ualbino wa Tanzania wanaijua hali hii kuliko yeyote: kwao saratani ya seli bapa, hasa ya kichwa na shingo, ni adui wa kila siku. Kofia pana, mikono mirefu, kukwepa jua la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na losheni ya kinga ya SPF 30 au zaidi, ipakwe kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao hasa. Yeyote mwenye kidonda kisichopona kwa wiki 4 mahali panapopigwa na jua akionyeshe hospitalini kingali kidogo.

Mhariri, ombi letu ni moja. Kabla ya kuchapa makala yenye maneno "kufufua seli" au "kuondoa seli zilizokufa", mwandishi wenu amuulize muuzaji kiambato ni kipi, ni asilimia ngapi, kinafikaje kwenye seli hai, na kikifika kinaiambia nini: igawanyike, ikomae, au ife? Asiyeweza kutaja hata asilimia, habari yake ikae kwenye nafasi ya matangazo ya kulipia, isiingie ukurasa wa afya.

Ni sisi wasomaji wenu,
walimu na wataalamu wa maabara ya seli,
Dar es Salaam